Maisha ndani ya maabara ya bakteria sugu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wanaotaka kujiunga na maabara ya chuo kikuu inayochunguza bakteria wasiosikia dawa, na huulizwa pia na jamaa zao wanaowaonea wasiwasi. Ninayejibu ni mtu wa benchi, yaani wa meza ya majaribio, kwa hiyo majibu yameelemea kwenye kazi ya mikono kuliko kwenye nadharia.

Bakteria sugu si ndio wakali zaidi? Sitawapelekea watu wa nyumbani ugonjwa?

Hili ni swali la kwanza la karibu kila mgeni, na likirudi mara ya pili ujue limetumwa na mama mzazi. Tuanze na maana ya usugu. Bakteria sugu ni yule ambaye dawa fulani, kwa kipimo ambacho mwili wa mgonjwa unaweza kukistahimili, haimuui wala haimzuii kuongezeka. Basi. Usugu haumfanyi apenye ngozi nzima wala haumfungulii njia mpya ya kuingia mwilini. Tena mara nyingi kubeba jeni za usugu humgharimu, akawa anakua polepole kuliko wenzake pale ambapo dawa haipo. Tofauti unaiona ukishaugua: mwenzako anaandikiwa kidonge cha kawaida na kupona, wewe daktari anaanza kuhesabu dawa zilizobaki.

Kwa hiyo tunachunga milango ile ile ya siku zote: mdomo, macho na ngozi iliyochubuka. Hatari kubwa kwa mwanafunzi haitokani na mlipuko wa aina yoyote. Inatokana na mkono ulioshika sahani ya kuoteshea bakteria ukashika simu, kisha simu ikaenda shavuni. Mwaka 2011 nchini Marekani watu zaidi ya 100 waliugua kutokana na bakteria Salmonella Typhimurium, na uchunguzi ukaelekeza kwenye maabara za mikrobiolojia, zikiwemo za kufundishia. Walikuwemo watoto ambao hawajawahi kukanyaga maabara yoyote, ila ndani ya nyumba zao aliishi mtu anayefanya kazi au anayesoma huko. Kalamu, daftari, koti: ndivyo bakteria wanavyosafiri.

Kazi zetu nyingi hufanyika katika ngazi ya pili kati ya ngazi nne za usalama wa kibiolojia. Anayeotesha bakteria wa kifua kikuu yuko ngazi ya tatu, na huko mwanafunzi mgeni haingii kwa kubisha hodi.

Sheria zipi hazina mjadala?

Koti la maabara halitoki maabara. Hakuna kula, kunywa, kupaka mafuta ya midomo wala kutafuna kalamu. Sindano ikishatumika hairudishiwi kifuniko, inaingia moja kwa moja kwenye kisanduku cha vifaa vyenye ncha kali. Daftari la benchi halilali kitandani kwako. Mikono inanawiwa kwa sabuni kila unapotoka, hata kama ulivaa glavu.

Na glavu zenyewe ndizo zinazowaponza wengi. Mtu akishazivaa anajiona msafi, anafungua mlango nazo, anabonyeza kompyuta nazo, anajikuna paji la uso nazo. Glavu zinamlinda aliyezivaa, tena kwa muda tu. Kitasa cha mlango hazikilindi. Utakuta mtu amevaa jozi mbili na bado anachafua chumba kizima.

Nikimwaga je?

Sema kwa sauti. Funika kwa karatasi za kufutia, mimina dawa ya klorini ukianzia pembeni kuelekea katikati, subiri muda ulioelekezwa, ndipo ufute. Haraka ya kufuta ndiyo inayoeneza. Kumwaga hakumharibii mtu jina katika maabara yenye akili. Kuficha ndiko kunakomharibia.

Jambo dogo linaloulizwa hapa hapa: kwa nini spiriti yetu ni ya asilimia 70 na si safi kabisa? Kwa sababu spiriti kali mno hugandisha protini za juu ya bakteria upesi na kukauka kabla haijamaliza kazi. Maji yanaisaidia kupenya.

Siku ya kazi inaendaje?

Inategemea jana ulifanya nini. E. coli, bakteria wa utumboni, akiwa kwenye lishe nzuri na joto la nyuzi 37 hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, lakini koloni, yaani rundo la bakteria waliotoka pamoja, inayoonekana kwa macho inahitaji usiku mzima. Kwa hiyo asubuhi unavuna ulichopanda jioni.

Asubuhi ni ya kusoma sahani. Zinatoka kwenye inkubeta, kabati la joto, zikiwa zimepinduliwa, aga (jeli ya lishe wanayootea) juu na kifuniko chini, ili matone ya mvuke yasidondokee koloni na kuzichanganya. Unaiinua sahani moja moja kwenye mwanga, unaangalia rangi, kingo, mng'ao. Kwenye aga ya MacConkey, E. coli anatoka waridi kwa sababu anachachusha laktosi. Klebsiella ananata na kung'aa, ukimgusa kwa kitanzi cha waya anavutika. Proteus hakai mahali pamoja: akiwa kwenye aga ya kawaida hutambaa kwa mawimbi hadi kufunika sahani nzima, na kama alikuwa na mwenzake humo, mwenzake humwoni tena.

Mchana ni wa kutayarisha. Hapa wageni huchoka mapema, maana walidhani watashinda kwenye darubini. Unapima unga wa aga, unaukoroga, unauingiza kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo, kwa nyuzi 121 kwa dakika 15. Kisha unangoja. Dawa ya antibiotiki haiongezwi kwenye aga inayofuka, kwa sababu nyingi huharibika kwa joto. Unasubiri ishuke hadi nyuzi 50 hivi. Mikono iliyozoea inajua: chupa unaweza kuikumbatia kwa viganja vyenye glavu bila kuiachia, ila bado inakubughudhi. Ukiwahi, umeiua dawa na sahani zako zote ni za uongo. Ukichelewa, aga inaanza kuganda na kuleta mabonge, unarudia upya. Kati ya hayo mawili, heri mabonge. Yanaonekana.

Jioni ni ya kuotesha, na ya kuandika. Kila sahani inaandikwa chini, upande wenye aga, kamwe si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Mnajuaje kwamba huyu ni sugu na yule si sugu?

Njia kongwe ambayo bado iko hai ni ya vipande vya karatasi. Unachukua koloni chache za usiku mmoja, unazikoroga kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na kipimo cha McFarland 0.5, yaani bakteria wapatao milioni 100 kwa kila mililita. Unachovya kijiti cha pamba, unakibana ukutani mwa chupa kikamulike, unapaka uso wote wa aga ya Mueller-Hinton kwa kuuzungusha mara tatu. Juu yake unaweka vipande vidogo vya karatasi vya duara, kila kimoja na dawa yake. Vinaingia kwenye nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 20.

Asubuhi bakteria wameota kama zulia, na kuzunguka baadhi ya vipande kuna duara tupu. Hapo dawa ilisambaa na kuwazuia. Unapima kipenyo kwa milimita, unalinganisha na jedwali la mipaka ya usugu linalotolewa na EUCAST ya Ulaya au CLSI ya Marekani.

Sasa msikilize vizuri anayekuambia "duara kubwa ndiyo dawa bora". Si kweli. Dawa moja husambaa upesi kwenye aga, nyingine huburuta. Duara la milimita 18 linaweza kumaanisha bakteria ni dhaifu mbele ya dawa hii na sugu mbele ya ile. Kila dawa ina mpaka wake kwa kila kundi la bakteria, na mipaka hiyo inapitiwa upya kila mwaka. Jedwali la zamani lililobandikwa ukutani ni la kubanduliwa.

Ndiyo maana pia tunakuwa wakali kwenye vitu vinavyoonekana vya kipuuzi. Aga iwe na unene wa milimita 4. Ikizidi, dawa inazama chini, duara linasinyaa, na asiye sugu anaitwa sugu. Bakteria uliowakoroga wakiwa wachache mno, duara linapanuka, na sugu anapita akiitwa dhaifu. EUCAST wana kanuni ya dakika 15 mara tatu: tumia mchanganyiko ndani ya dakika 15, weka karatasi ndani ya dakika 15 baada ya kupaka, ingiza kwenye inkubeta ndani ya dakika 15 zinazofuata. Simu ikiita katikati, iache iite.

Na katika kila awamu ya kazi anaoteshwa E. coli ATCC 25922, bakteria wa kulinganishia anayejulikana pia kama Seattle 1946. Tunajua majibu yake kabla ya kuanza: kwa karatasi ya ampisilini ya mikrogramu 10 lazima atoe duara la milimita 15 hadi 22. Akitoa 12, hatuna la kusema kuhusu sampuli yoyote ya siku hiyo, hata kama mtafiti anasubiri mlangoni.

Njia ya pili ni kutafuta kiwango cha chini kabisa cha dawa kinachozuia ukuaji. Unatumia kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, dawa ikiongezeka maradufu kutoka kishimo hadi kishimo, bakteria wapatao laki 5 kwa mililita katika kila kimoja. Kishimo cha kwanza kilicho angavu ndicho jibu lako. Ina kazi zaidi, lakini kwa dawa kama kolistini hakuna njia ya mkato, kwa sababu molekuli yake ni kubwa na haisambai vizuri kwenye aga. Anayekuletea majibu ya kolistini yaliyopimwa kwa karatasi, mrudishie kwa upole.

Ni kweli mnawatengeneza wenyewe?

Wengi wao walitufikia wakiwa sugu tayari. Ila ndiyo, wakati mwingine tunawapata sugu humu humu, na hakuna uchawi ndani yake. Chukua mililita 10 za E. coli waliokesha kwenye kimiminika cha lishe, ambao ni mabilioni kwa mabilioni, uwakusanye na kuwamwaga kwenye sahani yenye dawa ya rifampisini. Karibu wote watakufa. Asubuhi utakuta koloni chache zimekaa zinakutazama, kwa sababu katika kila bakteria milioni 100 hivi huwa kuna mmoja ambaye jeni yake moja ilinakiliwa kwa kasoro, na kasoro hiyo ikamwokoa.

Swali lililowasumbua watu wa mwanzo ni hili: je, dawa ndiyo iliyomfundisha, au alikuwa hivyo kabla ya kuiona? Salvador Luria na Max Delbrück walilijibu kwa hesabu mwaka 1943, wakitumia virusi wanaoua bakteria. Mwaka 1952 Esther na Joshua Lederberg wakalijibu kwa kitambaa cha mahameli. Walikivutia kitambaa juu ya kipande cha duara, wakakigandamiza kwenye sahani yenye koloni, kisha wakapiga chapa zile zile kwenye sahani nyingine, ikiwemo yenye dawa. Koloni zilizobaki hai kwenye dawa zilikuwa mahali pale pale, chapa kwa chapa. Wakirudi kwenye sahani ya kwanza, ambayo dawa haijawahi kuigusa, wakachukua kutoka mahali hapo, wanakuta walio sugu. Yaani walikuwepo. Dawa iliwaondolea tu majirani.

Mahameli tunayatumia hadi leo. Yanachemshwa kwenye otoklevu, yanakaushwa, yanarudi kazini, na vinyweleo vyake ndivyo vinavyofanya kazi, kila kimoja kikibeba bakteria wachache kutoka sahani hadi sahani. Mwanafunzi akifanya jaribio hili kwa mikono yake, hutamsikia tena akisema bakteria "wamezoea" dawa.

Njia nyingine ni kuhamishiana. Jeni nyingi za usugu hukaa kwenye plasmidi, kipande cha duara cha DNA ambacho bakteria mmoja anaweza kumnakilia jirani yake, hata asiye wa jamii yake. Tunamchanganya mtoaji na mpokeaji, tunawaacha saa kadhaa, kisha tunawamwaga kwenye sahani yenye dawa mbili: moja inamwua mtoaji, nyingine inamwua mpokeaji wa asili. Anayebaki anazistahimili zote mbili. Ni jaribio rahisi mno, na ndiyo maana linatisha kuliko yote niliyoyataja.

Mipaka ipo. Hatumpi bakteria anayemwuguza binadamu usugu dhidi ya dawa inayotegemewa kumtibu. Kamati ya usalama wa kibiolojia inasoma mpango wa kazi kabla pipeti haijashikwa, na mpokeaji huwa ni bakteria wa maabara aliyedhoofika, asiyeweza kuishi vizuri nje.

Sampuli zinatoka wapi?

Hospitalini, kwenye majitaka, kwenye kinyesi cha mifugo, kwenye udongo na mito. Za wagonjwa hufika zikiwa na namba tu, bila jina, na baada ya kibali cha maadili. Kibali kinaweza kuchukua muda mrefu kuliko utafiti wenyewe, kwa hiyo kiombe kwanza, ununue vifaa baadaye.

Kwa nini mnaiheshimu sana friza?

Kwa sababu ndiyo maktaba. Kila bakteria anayestahili kutajwa huhifadhiwa kwenye vichupa vyenye gliserini, nyuzi 80 chini ya sifuri, na anaweza kuamshwa baada ya miaka mingi. Ukimhitaji huyeyushi kichupa. Unakwangua barafu kidogo ya juu, unakirudisha upesi. Kuyeyusha na kugandisha tena na tena kunawaua.

Thamani yake ilionekana mwishoni mwa mwaka 2015, watafiti wa China walipotangaza mcr-1, jeni ya usugu dhidi ya kolistini inayosafiri kwa plasmidi. Kabla ya hapo usugu wa kolistini ulijulikana kama jambo la jeni za bakteria mwenyewe, lisilorukia wengine. Maabara za nchi nyingine zilirudi kwenye friza na kompyuta zao, zikatafuta, zikaikuta jeni hiyo: ilikuwa imelala humo muda wote, kwenye sampuli za miaka ya nyuma. Ambao vichupa vyao havikuwa na maandishi yanayosomeka hawakuwa na la kutafuta.

Kwa hiyo ukiona mtu anafoka kwa sababu ya kichupa kilichoandikwa "mpya 2", usimshangae.

Kwa nini majaribio yanagoma mara nyingi hivyo?

Sababu hazihesabiki, ila ziko zinazojirudia. Plasmidi hudondoka: bakteria asipokuwa na dawa ya kumlazimisha, vizazi vyake vinaweza kuuacha mzigo huo, nawe unabaki unapima ambaye si yule uliyemleta. Ampisilini huisha nguvu kwenye sahani za siku nyingi. Tena bakteria wenye kimeng'enya cha kuivunja hukimwaga nje, na ukiwaacha muda mrefu kwenye inkubeta utaona vikoloni vidogo vimewazunguka. Hao si sugu. Wanaishi kwa hisani ya jirani aliyesafisha eneo. Anayechukua vikoloni hivyo kwa haraka ya asubuhi anapoteza wiki nzima. Jambo lenyewe si geni: Edward Abraham na Ernst Chain walieleza kimeng'enya kinachovunja penisilini mwaka 1940, kabla dawa hiyo haijaenea kwa wagonjwa.

Na uchafuzi. Kila unapoanza jaribio, weka sahani moja isiyopandwa kitu na nyingine isiyo na dawa. Ile ya kwanza ikiota, umechafua. Ya pili isipoota, bakteria wako walikuwa wafu na dawa inasifiwa bure. Kwa macho yangu, daftari lenye sahani hizo mbili kila siku lina thamani kuliko grafu ya kupendeza. Jaribio likitoka vizuri mno mara ya kwanza, lirudie kabla hujamwambia mtu.

Ni kweli kunanuka?

Kunanuka. Otoklevu ikifunguliwa na taka ndani yake, utajua. E. coli ana harufu yake ya chooni inayotokana na indoli. Pseudomonas aeruginosa, pamoja na ubaya wake wodini, hunukia zabibu na hupaka aga rangi ya kijani. Wazee wa kazi waliwatambua kwa pua. Usiige: anayeinamia sahani na kuvuta pumzi anavuta na asichokitaka. Harufu itakufuata yenyewe.

Lazima nijue kompyuta?

Zaidi ya ulivyotarajia. Kusoma jenomu nzima ya bakteria, herufi milioni 5 hivi kwa E. coli, sasa ni kazi ya kawaida, na jeni za usugu hutafutwa kwenye hifadhidata kama ResFinder na CARD. Lakini kuwepo kwa jeni si lazima kuwe usugu. Jeni inaweza kuwa imezimwa. Na bakteria anaweza kuwa sugu kwa njia ambayo hifadhidata haijaijua. Kompyuta na sahani zikipishana, rudia sahani, kisha rudia kompyuta. Watu wawili wanaobishana bila kurudia chochote hawasaidii.

Wikendi na sikukuu?

Bakteria hawana sikukuu, ila wewe una kalenda. Anayejua kupanga hapandi Ijumaa kitu cha kusomwa Jumamosi. Koloni zikiwa tayari, sahani zinaweza kusubiri kwenye friji siku mbili tatu. Za kupima usugu haziwezi, zinasomwa kwa saa zake. Maabara nzuri hupeana zamu. Msimamizi anayejivunia kwamba wanafunzi wake hulala maabara, mimi ningemkwepa.

Nina mzio wa penisilini. Au nina ujauzito. Naweza kufanya kazi huko?

Mara nyingi ndiyo, ila sema mapema. Wengi huogopa bakteria na kusahau unga wa dawa zenyewe. Mwenye mzio mkali asipime unga wa penisilini na jamaa zake, mwenzake apime. Unga wa kloramfenikoli unahitaji uangalifu kwa kila mtu. Mjamzito na mwenye kinga dhaifu huongea na afisa usalama, si na mwanafunzi mwenzake, kisha hupangiwa bakteria na kazi zinazofaa. Listeria, kwa mfano, si wa mjamzito.

Taka zinakwenda wapi?

Kila kilichogusa bakteria hupita otoklevu kabla ya kutoka, na mzigo wa taka huchukua muda mrefu kuliko dakika 15 za aga, kwa sababu mvuke lazima ufike katikati ya mfuko. Mfuko ukijazwa hadi kufungwa kwa nguvu, katikati yake hapafiki joto. Kuna utepe unaobadilika rangi kuonyesha kwamba joto lilifika nje. Haukwambii chochote kuhusu ndani. Kwa hiyo tunatumia pia spora (mbegu ngumu) za bakteria Geobacillus stearothermophilus, zinazostahimili joto kuliko takriban chochote: zikifa zikiwa katikati ya mzigo, mashine inafanya kazi.

Nikiumwa, mnaweza kunipimia kimya kimya?

Hapana. Maabara ya utafiti haina idhini ya kutoa majibu ya wagonjwa. Nenda kwenye maabara ya hospitali. Na usiulize tena ukipata kikohozi.

Jina langu litawekwa kwenye makala?

Liulize hili siku ya kwanza, sio siku ya kuwasilisha. Mwaka 1943 Albert Schatz, mwanafunzi wa uzamivu katika maabara ya Selman Waksman huko Rutgers, aliipata streptomisini akifanya kazi na bakteria wa udongo. Mambo ya haki yakawafikisha mahakamani, na suluhu ya mwaka 1950 ikamtambua Schatz kama mgunduzi mwenza. Miaka miwili baadaye Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa Waksman peke yake. Daftari lenye tarehe na saini ni kinga ya mwanafunzi. Liandike kwa wino, usichane karatasi, ukikosea piga mstari mmoja unaoacha maandishi yasomeke.

Kazi yenyewe inamsaidia nani?

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalisema vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na vingine vingi, jumla milioni 4.95, vilihusiana nao. Namba za namna hiyo hujengwa kutoka kwenye vipimo vya maabara nyingi. Mahali ambapo hakuna anayeotesha sahani, hakuna namba, na wakadiriaji hulazimika kubahatisha kwa kutazama majirani. Usitegemee kugundua dawa mpya ndani ya shahada moja. Tegemea kuacha vipimo ambavyo mwingine anaweza kuviamini.

Niombe vipi nafasi?

Andika ujumbe mfupi kwa msimamizi, utaje makala yake moja uliyoisoma kweli na swali moja ulilobaki nalo. Omba kutembelea kabla ya kuomba nafasi. Ukifika, zungumza na fundi sanifu wa maabara kwa muda mrefu kuliko unavyozungumza na profesa, maana yeye ndiye anayejua nani huacha benchi chafu na mashine ipi ni mbovu. Waulize wanafunzi waliopo wanamaliza shahada kwa miaka mingapi na waliotangulia wako wapi. Kisha omba kuona friza. Kama kuna orodha inayoeleza nini kiko wapi, na kichupa utakachokichagua wewe kinapatikana mahali orodha inaposema, hapo pa kuingia.